Kikohozi cha Fa

Wanaosema mtu mzima hakasiriki ovyo hawajawahi kukutana na Shangazi. Mama yule alikuwa akikasirika ovyo, akikasirika kwa mpango, na siku nyingine akikasirika kwa akiba ili kesho asipungukiwe. Ukimpelekea cherehani uliyoitia mafuta ya kupikia, ulielezwa ukoo wako ulikotoka na ulikopotelea. Ukimpelekea uliyojaribu kuifungua mwenyewe kwa kisu cha mezani, hakukuambia kitu. Alikutazama tu, mpaka ukatamani angekutukana. Lakini wateja hawakumkimbia. Cherehani iliyotoka mikononi mwake ilikuwa haifi, na fundi wa namna hiyo, hata akikufokea, utarudi.

Kwa haki, jina la Shangazi lilikuwa mali ya mtu mmoja tu: mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye siku hizi ndiye kiongozi wa bendi na watu humwita Meneja. Alipokuwa mdogo aliingia kwenye mazoezi ya bendi akilia, "Shangazi, Shangazi," wanamuziki wakalidaka jina, na kutoka kwao likavuka barabara likaingia mtaani. Mwaka wa kisa hiki mama alikuwa na miaka sitini na minne, hana mtoto wa kuzaa, na kati ya waliomwita Shangazi walikuwamo wazee waliomzidi umri. Alishazoea.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa muziki, ukuta kwa ukuta na jukwaa. Mchana alitengeneza cherehani. Jumamosi jioni alivua aproni, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akapita mlango mdogo wa ndani na kuketi kwenye kinanda.

Sasa hicho kinanda. Nisikilize vizuri, maana ndicho kilicholeta ugomvi wote. Hakikuwa cha kupuliza wala cha kompyuta. Ndani yake mlikuwa na mota, na mota ilizungusha mhimili mrefu wenye visahani vya chuma zaidi ya themanini, kila kimoja na meno yake pembeni. Kisahani kikizunguka mbele ya sumaku kinatoa sauti yake moja: chenye meno machache sauti nene, chenye mengi sauti nyembamba. Ukibonyeza kibonyezo, unaifungulia ile sauti mlango. Basi, hakuna uchawi. Ni chuma, sumaku, nyuzi za pamba zinazonyonya mafuta, na sanduku la mbao. Katika ukoo wake kilikuwa kitindamimba, kile kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule za watu. Kidogo kwa jina, maana kukihamisha kulitaka wanaume wanne na wa tano wa kulalamika.

Kaka yake ndiye aliyekileta. Hoteli moja ilikuwa inafungwa, vitu vinatupwa nje, naye akakiona kimelala ubavu chini ya magodoro. Akakisukuma kwa mkokoteni mpaka ukumbini, kimekufa kabisa. Mafundi redio wawili walikitazama wakashauri zitolewe mbao zitengenezwe kabati. Shangazi wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, bado anajifunza cherehani. Alichukua bisibisi akafungua mgongo wake. Akaona mhimili, akaona gia, akaona vikombe vya mafuta vimekauka na nyuzi zake zimegeuka gundi.

"Hii ni cherehani," akamwambia kaka yake. "Imesahau kushona tu."

Ilimchukua miezi saba. Alibadilisha nyuzi moja moja kwa kibano, akaunga waya zilizoliwa na panya, akachora kila alichokifungua kwenye daftari ili ajue kinakorudi. Siku mota iliposhika na kinanda kikaanza kuvuma, kaka mtu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na kwa kuwa fundi harudishi kazi bila kuijaribu, Shangazi alianza kukijaribu. Akajaribu kibonyezo kimoja, kisha vitatu pamoja, kisha wimbo, na miaka arobaini baadaye alikuwa bado anajaribu.

Usidhani hakujua vipya. Vinanda vya kidijitali vilipoingia madukani, alikwenda mwenyewe kwa miguu yake kuvitazama. Muuzaji alimwonyesha kimoja chembamba kama ubao wa kupigia pasi.

"Hiki, mama, kina sauti mia tatu ndani."

"Mimi nina masikio mawili. Nitolee ile ya kinanda cha mota."

Muuzaji akabonyeza, sauti ikatoka. Haikuwa mbaya, na hapo ndipo Shangazi alipoanza kukasirika, kwa kuwa alitarajia iwe mbaya amalize shughuli arudi kazini.

"Kikiharibika?" akauliza.

"Hiki hakiharibiki. Na kikiharibika unachukua kipya."

"Na hiki?"

"Unakitupa."

Alitoka dukani bila kuaga. Miaka iliyofuata watu walimletea vingine viwili avijaribu, kila kimoja kikiiga vizuri kuliko kilichotangulia. Kila mara alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali lile lile, akapewa jibu lile lile. Si kwamba hakuusikia utamu wake. Aliusikia. Alichokataa ni kitu kisicho na mgongo wa kufungua.

Basi, Jumatatu moja bendi ilikutana ukumbini saa nne asubuhi. Meneja aliingia na begi mgongoni, akatoa humo kinanda kipya, akakiweka juu ya kile cha zamani kana kwamba anaweka sinia mezani. Hilo peke yake lilitosha kumharibia Shangazi siku.

"Jamani, nina habari njema," Meneja akasema. "Mwenye mgahawa wa kona anatutaka kila Ijumaa mchana na kila Jumapili, mwaka mzima. Jukwaa lake ni dogo, kwa hiyo tutapiga na hiki."

"Na changu?" Shangazi akauliza.

Meneja alijikuna shingo. "Hicho amekipenda mwenyewe. Atakichukua, ndiyo makubaliano. Ijumaa asubuhi anamtuma seremala."

"Seremala wa nini?"

Mpiga besi, mzee mwenzake aliyeianza bendi pamoja naye na kaka yake, alianza kukaza nyuzi zilizokuwa zimeshakaza.

"Atatoa vya ndani," Meneja akasema, sauti imeshuka. "Anataka kuweka chupa. Kitakaa pale mbele, watu watakiona, kitapendeza. Hakitupwi, Shangazi. Kitatunzwa."

Kuna hasira ya kimya na kuna hasira ya kelele, na Shangazi alizaliwa nazo zote mbili. Alianza na ya kimya. Alisimama, akakiondoa kile kipya juu ya kinanda chake, akakilaza sakafuni taratibu. Kisha ikaja ya pili.

"Chupa," akasema. "Miaka arobaini nimelilisha mafuta tumbo la hiki kinanda, mgongo umepinda, macho yameisha, ili leo walevi wapewe chupa kutoka humo. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, niliyekufuta makamasi kwa gauni langu mwenyewe, ndiye unayekuja kuniambia kitapendeza."

"Shangazi, hiki kipya kina sauti ile ile. Nimeitafuta mpaka nimeipata. Ile ile kabisa."

"Umeipata wapi?"

"Zipo. Kuna watu huko nje wanazitengeneza."

"Haifanani."

"Hutaweza kuzitofautisha."

Hapo ndipo alipokosea, maana kumwambia fundi hutaweza ni kumtia kidole cha jicho. Wenzake wa bendi walikuwa wameshaanza kukishikashika kile kipya, huyu anabonyeza, yule anacheka. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, na moyo ukazidi kumchemka.

"Fungeni shuka hapo jukwaani," akasema. "Piga hiki, piga kile. Nikikosea, mpe seremala wako, sitafungua mdomo. Nikipatia, hicho utakirudisha ulikokitoa, na mwenye mgahawa atafute kabati kwingine."

Mpiga besi alimsogelea akamnong'oneza. "Dada, punguza. Majuto ni mjukuu."

"Mimi sina mjukuu," akajibu.

Jumatano shuka likafungwa. Vinanda vyote viwili vilipitishwa kwenye spika moja, na Shangazi akaketi kiti cha mbele, amelipa jukwaa kisogo ili asije mtu akasema alichungulia. Meneja akapiga wimbo mmoja wa polepole, ule aliokuwa akiupenda baba yake. Akaumaliza. Akahamia kinanda cha pili, akaupiga tena vile vile.

Katika mpigo wa kwanza, wimbo ulipofika katikati, mkono ulipita kwenye fa ya kati, ile sauti ya nne ya do-re-mi-fa, na fa ikakohoa. Kilikuwa kitu kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Kikohozi kile Shangazi alikijua kuliko alivyoujua mlango wa nyumba yake. Fa ile ilikohoa kwenye harusi za watu, ikakohoa siku bendi ilipomwombolezea kaka yake, miaka nenda miaka rudi. Mpigo wa pili ulipita laini, hauna kikwazo mahali, na Shangazi akatikisa kichwa kwa dharau.

"Cha kwanza," akasema bila kugeuka. "Cha kwanza ndicho changu. Hicho cha pili kimenyooka mno, kirudishe begini."

Alipogeuka, shuka lilikuwa limeshavutwa, na Meneja alikuwa ameketi kwenye kile cha zamani. Ndicho alichokipiga mwisho.

Kusema kweli Meneja hakushangilia. Alikaa pale mikono mapajani, anatazama chini. Mpiga besi aligeukia ukuta. Shangazi aliuchukua mkoba wake, akapita katikati yao, akaingia karakana na kufunga mlango. Neno alilitoa mwenyewe, mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

Jioni ile yote alikuwa na hasira na masikio yake. Fundi asiyeitambua kazi yake ni fundi gani? Alijiuliza hivyo huku akipanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kama hasikii tofauti, basi alichokuwa anakitetea miaka yote ni nini? Ubishi tu? Alijiona mjinga aliyezeeka hadharani, na hilo lilimuuma kuliko chupa, kuliko seremala, kuliko mgahawa na mwenye mgahawa.

Alhamisi asubuhi alikuja mama mmoja mshonaji wa sare za shule kuchukua cherehani yake. Akaketi, akapitisha kitambaa, akasimamisha mguu. Akapitisha tena. Akakunja uso.

"Fundi, hii si yangu."

"Unasemaje?"

"Umenibadilishia. Yangu inagonga. Mwaka wa tisa huu inagonga, naijua mimi. Hii haigongi."

Loo, alijiletea mwenyewe. Shangazi alikuwa ametafuta mtu wa kumfokea tangu jana, na sasa mtu kaingia kwa miguu yake.

"Si uliniletea kwa sababu inagonga? Nimekutolea hicho kinachogonga, nimekitupa, sasa unataka nikufungie kwenye mfuko uende nacho? Namba ya mashine si hiyo hapo chini? Isome. Rangi si ile uliyoichubua mwenyewe? Wewe mtu mzima unaitambua mali yako kwa ugonjwa wake, ikipona unaikana, unasema si..."

Akanyamaza katikati ya neno. Mteja alidhani amepatwa na kitu, akainuka amletee maji.

Fa haikohoi. Hilo ndilo lililomsimamisha. Fa ya kinanda chake haikohoi tena, kwa sababu yeye mwenyewe aliiponya.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma. Madaktari walimkuta na uvimbe tumboni, ikapangwa apasuliwe. Wiki moja kabla hajalazwa, Meneja alikuja na mashine ya kurekodi, akamwomba aketi kinandani abonyeze vibonyezo vyote, kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, kwa kila namna ya sauti iliyokuwamo. "Ya kumbukumbu tu, Shangazi," alimwambia. Kazi ile ilichukua siku tatu, na mgonjwa mwenyewe akiketi juu ya mto kwa maumivu. Kisha akapasuliwa, akalala hospitali miezi miwili, akapona. Aliporudi hakuweza tena kuvumilia kitu kinachougua ilhali dawa yake ipo. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajafagia karakana, alifungua kinanda akasafisha ncha ya waya wa fa iliyoshika kutu. Kikohozi kikakoma. Hakuna mtu wa bendi aliyegundua, naye hakumwambia mtu, maana hakuona kama ni habari.

Basi aliyekohoa nyuma ya shuka hakuwa mgeni. Kilikuwa kinanda chake, mikono yake, wiki ile ya maumivu, imefungwa kwenye kile kiboksi cha begini na kuitwa kazi ya watu wa nje. Mtu mwingine yeyote angesikiliza utamu wa sauti, pengine angepatia. Ni fundi tu anayeweza kukosea vile, kwa kuitambua mashine kwa ugonjwa wake, akasahau kwamba ameshautibu.

"Chukua cherehani yako," akamwambia yule mama. "Ni yako. Ikigonga tena nirudishie, sikufokei."

Alimtafuta Meneja mchana kutwa asimpate. Alikuwa mgahawani anapima jukwaa. Na hasira yake, badala ya kupoa, ikapata muda wa kuiva.

Ijumaa saa mbili asubuhi seremala alikuwa ameshafika ukumbini. Mgongo wa kinanda ulikuwa umeegeshwa ukutani, skrubu zote zimemwagwa kwenye kopo moja, ndefu na fupi pamoja, na mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani unatafuta pa kuanzia. Meneja alisimama pembeni. Mpiga besi alikuwa amekuja kukiaga. Shangazi aliingia kwa mlango mdogo akiwa na aproni yake.

"Toa mkono humo," akamwambia seremala. Seremala hakuwa na ugomvi na mtu, akautoa.

"Shangazi, tulikubaliana," Meneja akasema.

"Tulikubaliana. Washa hicho kipya chako. Bonyeza fa ya kati."

"Ya nini?"

"Bonyeza."

Akabonyeza. Fa ikakohoa.

"Hao watu wa nje wanaozitengeneza," Shangazi akasema, "kikohozi hiki wameambukizwa na nani?"

Meneja alitoa kidole kwenye kibonyezo. Mpiga besi alisogea, akaibonyeza mwenyewe mara tatu, kichwa kikiwa upande.

"Hii ni fa yetu," akasema. "Ile ya zamani. Hii ni ile ile."

"Ni ile ile," Shangazi akasema. "Ulinifungia shuka, ukanipa nichague kati ya mimi na mimi, nikachagua, ukaniacha niende nyumbani nikijiona kiziwi. Usiku kucha nimekaa najiona kiziwi. Siku tatu nilikaa hapa na uvimbe tumboni, nabonyeza kimoja kimoja kama mtoto wa shule, nikidhani mtoto wa kaka yangu ananipenda. Ya kumbukumbu, Shangazi. Ya kumbukumbu!"

"Ilikuwa ya kumbukumbu," Meneja akasema.

"Mwongo."

"Daktari aliniita pembeni," Meneja akasema. "Aliniambia hutapona. Nilikutazama machoni nikashindwa kukuambia. Baba ameshaondoka, na wewe unaondoka, nikasema angalau sauti ibaki. Nilirekodi kwa kuwa nilijua unakufa. Ulipopona nikaiweka, sikuigusa. Mgahawa ulipokuja ndipo nikaikumbuka, na nikaona aibu kusema ilikotoka." Na mwanamume mzima wa miaka arobaini na mbili, mwenye masharubu, akaanza kulia mbele ya seremala wa watu.

Shangazi mwingine angelainika hapo, akamkumbatia, yakaisha. Huyu wetu ndipo alipowaka kweli. Alisogea karibu naye, na hakupaza sauti.

"Kwa hiyo ulijua nakufa. Ukaja na mashine, ukakaa ubavuni kwangu siku tatu, ukachukua kila sauti iliyomo humu. Mbona hukuniuliza hata mara moja kinafunguliwaje? Mbona hukusema, Shangazi, nionyeshe mafuta yanaingia wapi, nionyeshe ulivyokifufua, ili ukiondoka, hiki nacho kisife? Siku tatu zile zilitosha. Ningekuonyesha kila kitu, hata kwa maumivu yale. Ulitaka nilichokipiga, ninachokijua hukukitaka. Ningekufa kweli, wewe ungebaki na kikohozi."

Meneja alijifuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia seremala.

"Nenda. Mwambie bosi wako hakuna kinanda."

"Atakasirika," seremala akasema. "Na hao wa kupiga muziki hatawataka tena."

"Najua. Akasirike tu. Namjua anayemzidi."

Seremala alikusanya vyombo vyake akaondoka. Mgahawa ulikuwa umekwenda, mwaka mzima wa Ijumaa na Jumapili, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Meneja alisimama mbele ya ule mgongo uliofunguliwa, akitazama mhimili na visahani kwa mara ya kwanza tangu akiwa mtoto, ingawa alikuwa amekulia mita mbili kutoka hapo.

"Nifundishe basi," akasema.

"Ulishanizika. Marehemu hafundishi."

Mpiga besi akavuta kiti, akaketi, akaweka fimbo yake kati ya magoti.

"Dada," akasema, "na wewe ulimwita lini?"

"Nani?"

"Huyu. Au mimi. Au yeyote. Miaka arobaini niko hapa. Kila niliposogelea huo mgongo ulinifukuza. Huyu akiwa na miaka kumi alitia kidole humo, ulimchapa mpaka kaka yako akaingilia. Ulimwambia asikanyage nyuma ya kinanda tena. Hakukanyaga. Leo unamuuliza kwa nini hakukanyaga."

Shangazi alitafuta neno la kumpasha mzee yule, na kwa kawaida maneno ya namna hiyo hayakumpungukia. Safari hii hakupata hata moja. Aliiona siku ile vizuri: mtoto mdogo, kidole cheusi kwa mafuta, anatabasamu kwa alichokigundua, na mkono wake yeye Shangazi ukishuka kumchapa. Alisikia hasira ikimgeukia, na haikuwa imepungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa inamuuma yeye.

Akashuka polepole, goti moja, kisha la pili, akaketi sakafuni nyuma ya kinanda. Akalivuta kopo la skrubu, akalimwaga, akaanza kutenga ndefu na fupi. Meneja alibaki amesimama, hajui kama ameruhusiwa. Shangazi alipapasa mfuko wa aproni, akatoa bisibisi, akamnyoshea bila kumtazama.

Meneja akaketi, akaipokea.

"Usiishike kama kijiko," Shangazi akasema.